UZI: Hekojenini, stiroidi iliyo ndani ya maji ya mkonge tunayomwaga

Mkemia_Ngara

Wadau, habari za jioni. Jumamosi nilipita soko la Kariokor kumnunulia mama mkwe kiondo. Mama aliyeniuzia alikuwa amekaa kwenye kigoda anasokota nyuzi za mkonge pajani, mkono unaenda bila yeye kuutazama. Nikamuuliza, "Mama, mkishakwangua jani mkapata nyuzi, yale maji na makapi mnayapeleka wapi?" Akanijibu, "Tunamwaga, mwanangu. Yanawasha. Hata ng'ombe hawayataki."

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki nzima. Mimi ni fundi wa maabara ya kemia hapa Nairobi, na katika kabati letu kuna kichupa cha glasi nyeusi, unga mweupe gramu chache tu, kilichoagizwa ng'ambo kwa pesa nyingi na kusubiriwa miezi. Kibandiko chake kinasema hekojenini. Kitu chenyewe ndicho kimo kwenye maji yale yanayomwagwa.

Naomba niwaeleze hekojenini ni nini na watafiti wa dawa wanaitakia nini. Nitaandika kwa vipande kwa sababu natumia simu.

Jani la mkonge ukilipima, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Ukikata tani nzima unabaki na kilo 40 hivi za nyuzi, na zaidi ya kilo 900 ni maji na makapi. Ndani ya maji hayo mna saponini, yaani molekuli kubwa yenye kiwiliwili cha mafuta na mkia wa sukari. Ndiyo inayofanya maji ya mkonge yatoe povu ukiyatikisa. Ukiikata ile sukari, kinachobaki ni hekojenini: kaboni 27, hidrojeni 42, oksijeni 4. Ina pete nne zilizoshikana za stiroidi, zile zile zilizomo kwenye kolesteroli na homoni zako, na pete mbili zaidi pembeni.

Wakemia huzipa kaboni za stiroidi namba, na hazina yenyewe ni oksijeni moja iliyokaa kwenye kaboni ya 12. Nitaifikia.

Mwalimu_Kayole

Endelea ndugu. Nafundisha kemia kidato cha nne na wanafunzi wangu wanadhani kemia ogani ni kukariri alkeni na alkaini basi. Hiyo oksijeni ya 12 ina nini?

Mkemia_Ngara

Mwalimu, shikamoo. Ili uione thamani yake turudi 1948. Mwaka huo Philip Hench wa Mayo Clinic kule Marekani alimdunga kotisoni, stiroidi ya kushusha uvimbe, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi hata kutembea vizuri, na baada ya siku chache mgonjwa akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobeli. Dunia nzima ikaitaka kotisoni, na kotisoni haikuwepo.

Shida ilikuwa kuitengeneza. Kotisoni lazima iwe na oksijeni kwenye kaboni ya 11. Ukiiondoa hiyo, uvimbe haushuki. (Mwilini ini huigeuza oksijeni hiyo kutoka ketoni, yaani oksijeni iliyoshikwa na kaboni kwa vifungo viwili, kuwa haidroksili, yaani oksijeni yenye hidrojeni, na hapo ndipo dawa inapoanza kazi.) Sasa stiroidi za mimea karibu zote hazina kitu kabisa kwenye pete ya tatu, ile yenye kaboni ya 11 na ya 12. Ni kaboni na hidrojeni tupu, na mkemia hana pa kushika.

Kampuni ya Merck ilianzia kwenye nyongo ya ng'ombe, kwa sababu asidi yake moja ina oksijeni kwenye kaboni ya 12. Kuihamisha kutoka 12 hadi 11 na kumalizia mengine kulihitaji hatua zaidi ya 30. Wadau, mtu aliyewahi kufanya hatua tano tu maabarani anajua maana yake: kila hatua unapoteza kiasi, na mwisho unakwangua chupa kwa kijiko.

Mexico wakapita njia nyingine. Russell Marker aligundua jinsi ya kukata zile pete za pembeni za diosijenini, stiroidi ya viazi vikuu vya mwituni, akatengeneza projesteroni, homoni ya ujauzito, kwa wingi. Kampuni ya Syntex ilianzishwa huko mwaka 1944 kwa kazi hiyo. Lakini diosijenini nayo haina oksijeni kwenye pete ya tatu. Mwaka 1952 Peterson na Murray wa kampuni ya Upjohn waliilisha projesteroni kwa kuvu aina ya Rhizopus, ndugu wa ukungu ule unaoota kwenye mkate, na kuvu ikaiweka oksijeni kwenye kaboni ya 11 yenyewe. Kazi ya ajabu kweli.

Waingereza hawakuwa na viazi vya Mexico. Walikuwa na mashamba ya mkonge Afrika Mashariki.

Jembe_Mogotio

Vijana, hapo mmenigusa. Mimi nilikata mkonge kuanzia 1974, shamba silitaji. Kazi ilikuwa kufunga mafungu ya majani 30, unahesabu mafungu ndipo ulipwe. Mashine ya kukamua tuliiita korona, na kelele yake ulikuwa unaisikia ukiwa bado njiani. Maji yake ya kijani yalitiririka mferejini hadi mtoni, na msimu wa kiangazi mto ukipungua samaki walielea tumbo juu. Harufu yake bado naikumbuka. Hakuna aliyetuambia kuna dawa humo.

Mkemia_Ngara

Mzee Jembe, shikamoo na asante sana. Saponini ni sumu kali kwa samaki, inaharibu matamvua yao wanayopumulia. Ulichokiona kilikuwa ni kitu kile kile.

Na habari ilikuwa imeshajulikana zamani. Mwaka 1951 wakemia watatu wa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, waliandika kwamba takataka ya mkonge ni chanzo kizuri cha hekojenini. Cornforth huyo ndiye aliyekuja kupata Nobeli ya kemia 1975, na alikuwa kiziwi tangu ujanani. Baada ya hapo kampuni ya Glaxo ikaanza kununua hekojenini ya Afrika Mashariki na kuitumia kutengeneza kotisoni, na baadaye betamethasoni, dawa ya jamii hiyo hiyo.

Namna ilivyokuwa ikitolewa mashambani ni hivi. Tope la maji ya mkonge liliachwa lichache siku 7. Kisha likapigwa mvuke wa shinikizo kubwa hadi ile sukari ikatike yote. Likachujwa, likakaushwa. Unga uliopatikana ulikuwa na hekojenini kama asilimia 12, ukapakiwa kwenda kusafishwa ng'ambo. Hesabu ya mwisho inatia huruma: asetati ya hekojenini (hekojenini iliyounganishwa na asidi ya asetiki) iliyo safi ni kama asilimia 0.01 ya majani. Yaani tani moja ya majani, gramu 100. Mafungu mangapi hayo, mzee?

Jembe_Mogotio

Mengi mno, mwanangu. Mgongo wangu unayajua.

Mwalimu_Kayole

Sasa ile ya 12 kwenda 11. Wanafunzi wangu wataniuliza.

Mkemia_Ngara

Hapo ndipo nilipotaka tufike, mwalimu.

Hekojenini ina ketoni kwenye kaboni ya 12. Kaboni ya 11 ni jirani yake wa ukuta mmoja. Na ketoni ina tabia ya kumlegeza jirani: hidrojeni za kaboni iliyo kando yake zinang'oka kwa urahisi kuliko nyingine. Kwa hiyo ukiweka bromini, bromini inakaa kwenye 11. Ukiweka alkali, bromini inatoka na oksijeni inaingia mahali pake. Sasa una oksijeni 11 na nyingine 12, zote mbili. Iliyobaki ni kuiondoa ile ya 12 na kuiacha ya 11, na hilo lilifanywa kwa metali ya kalisi iliyoyeyushwa ndani ya amonia kioevu. Amonia kioevu ni baridi ya nyuzi 33 chini ya sifuri, na kalisi ikiingia humo inageuka buluu kama wino.

Waambie wanafunzi: ketoni ya 12 ndiyo iliyofungua mlango wa 11, kisha ikaondolewa. Mimi nilipoielewa hatua hiyo mara ya kwanza nilisimama nikazunguka meza.

Baada ya hapo unazikata zile pete mbili za pembeni kwa njia ya Marker. Unapasha moto na anhidridi ya asetiki, unaoksidisha kwa asidi ya kromiki, halafu unachemsha na asidi ya asetiki. Ukimaliza una mkia mfupi wa kaboni mbili kama wa homoni zenyewe.

Dawa_Kaunta

Mimi ni mfamasia, niko Eastleigh. Naomba niongeze jambo, kwa kuwa betamethasoni imetajwa. Kila wiki nahudumia akina dada waliouziwa vibomba vya betamethasoni mitaani kama mafuta ya kung'arisha ngozi. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inapasuka mistari, chunusi zinajaa, na ukiacha ghafla uso unawaka. Tafadhali, hii ni dawa ya daktari, ina kipimo na muda wake. Msiipake usoni kutafuta weupe.

Lakini dawa hiyo hiyo ikitumika mahali pake inaokoa. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akidungwa betamethasoni, mapafu ya mtoto yanakomaa haraka. Deksamethasoni, ambayo ni karibu pacha wake, inafanya vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani liliipima kwa akina mama 2,852 katika nchi tano, Kenya ikiwemo, na matokeo yakatoka 2020: vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6.

Mkemia_Ngara

Dada, umenifungulia jambo ambalo sikupanga kuliandika.

Binti yangu alizaliwa wiki ya 31. Usiku ule mke wangu alidungwa sindano ya kwanza saa tatu, nyingine asubuhi, na nilikuwa nimesimama kando ya kitanda nikisoma jina kwenye kichupa kidogo. Deksamethasoni. Nilichora molekuli yake nyuma ya kadi ya kliniki kwa sababu sikuwa na la kufanya na mikono yangu. Pete nne, florini kwenye 9, methili kwenye 16, haidroksili kwenye 11. Nikaiweka kidole pale 11. Mtoto alizaliwa akalia. Sasa yuko darasa la pili, anashinda akiimba.

Ndiyo maana nikisikia "tunamwaga" nashtuka.

Soya_Kwanza

Ndugu, nakuheshimu, lakini tuseme ukweli. Viwanda vya leo vinachukua sterolo za soya, yaani stiroidi zilizo kwenye mafuta yake, vinawapa bakteria, bakteria wanakula mkia na kuacha pete nne safi. Bei rahisi, hakuna kukata jani. Hekojenini ilishapitwa tangu miaka ya sabini. Kufufua biashara hiyo Kenya ni ndoto.

Mkemia_Ngara

Uko sahihi kuhusu viwanda, na sitaki mtu yeyote aende kukopa benki ajenge kiwanda cha kotisoni ya mkonge. Kamba za plastiki ziliupiga mkonge wenyewe, bakteria wakaipiga hekojenini. Hilo limepita.

Mimi nasema habari ya utafiti. Huko hekojenini haijapitwa, na sababu ni ile ile: ketoni ya 12.

Mwaka 1988 George Pettit wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona alitangaza sefalostatini 1, iliyotoka kwenye mnyama mdogo wa baharini anayeitwa Cephalodiscus gilchristi, kutoka bahari ya kusini mwa Afrika. Inaua seli za saratani ya damu kwa kiasi kidogo kisichoaminika. Lakini kutoka kilo 166 za wanyama hao walipata miligramu 139 tu. Ukiimwaga kwenye kiganja unaweza kuipeperusha kwa pumzi. Huwezi kufanya utafiti wa dawa kwa kiasi hicho, na huwezi kuendelea kuchota bahari. Lazima uitengeneze.

Itazame molekuli yenyewe: stiroidi mbili, kila moja kaboni 27, zimeunganishwa katikati na pete ndogo yenye nitrojeni mbili. Jumla kaboni 54. Na ina oksijeni kwenye kaboni ya 12! Unaanzia wapi? Kundi la Philip Fuchs wa Chuo Kikuu cha Purdue lilianzia kwenye asetati ya hekojenini, na 1998 likaikamilisha. Ukianza na soya, oksijeni ya 12 utaitoa wapi? Utarudi kuhangaika kama wale wa nyongo ya ng'ombe.

Halafu kuna jambo la mwanga. Ukiangazia asetati ya hekojenini kwa taa ya urujuanimno, kifungo kati ya kaboni ya 12 na ya 13 kinakatika na pete ya tatu inafunguka. Ukiifunga tena kwa asidi, unapata kifungo maradufu kipya kati ya 14 na 15, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kushika. Taa na asidi, basi. Wanaotengeneza sefalostatini na molekuli za jamii yake wameutumia mlango huo sana.

Brazil, wanaolima mkonge kuliko nchi yoyote, wameipima hekojenini yenyewe kwa panya kama kinga ya vidonda vya tumbo. Bado ni panya, siyo dawa ya kununua. Asije mtu akanywa maji ya mkonge kwa sababu yangu, nawaomba. Yanachoma koo.

Soya_Kwanza

Hapo kwenye oksijeni ya 12 nimekubali. Sikuwa nimeifikiria hivyo. Je, wewe umewahi kuitoa mwenyewe, au unasoma tu?

Mkemia_Ngara

Nimeitoa, na mara ya kwanza niliharibu.

Nilikata majani kwenye ua wa rafiki yangu Athi River, nikayaponda, nikachuja lita 10 za maji ya kijani. Nikaona niyapunguze kwanza kwenye mashine ya kuvukizia ndipo niweke asidi. Nikawasha ombwe, nikashusha chupa kwenye maji ya moto. Dakika mbili hivi, povu likaanza kupanda. Jeupe, zito, kama maziwa yanayofurika sufuriani. Nikavunja ombwe lakini lilikuwa limeshapita shingo, limeingia kwenye koili ya kupoozea, limeshuka hadi kwenye pampu. Nilikaa hadi saa nne usiku naosha glasi, na mikono ilinivimba hadi kwenye viwiko kwa sababu glavu nilikuwa nimevaa fupi.

Kosa lilikuwa kusahau povu linatoka wapi. Saponini ikiwa na mkia wake wa sukari ni sabuni. Ikate sukari kwanza, sabuni inakufa, na hekojenini iliyobaki haipendi maji hata kidogo, inazama yenyewe kama tope.

Mara ya pili nikafuata walivyofanya wazee wa mashambani. Siku 7 kwenye pipa, kifuniko kimelegezwa. Harufu ni ya silaji iliyooza, majirani watalalamika. Nikamwaga maji ya juu, tope la chini nikalichemsha na asidi ya hidrokloriki kwa saa nne. Hakuna povu. Nikachuja, nikaosha hadi karatasi ya litimasi isibadilike, nikakausha. Ukawa unga wa kahawia kama kahawa ya kusaga. Nikaukamua kwa heksani ya moto usiku kucha, nikavukiza, nikayeyusha kwa methanoli ya moto na kuacha ipoe polepole dirishani.

Asubuhi kulikuwa na sindano. Fuwele nyembamba, nyeupe, zimesimama kutoka ukutani mwa chupa kuelekea katikati. Zilikuwa bado zina tigojenini ndani, ndugu yake asiye na ketoni, na kumtenganisha ilibidi niupitishe mchanganyiko kwenye unga wa silika unaotenganisha molekuli, na kurudia fuwele mara tatu. Nikapeleka sampuli kwenye mashine ya NMR ya wenzetu, ile inayotumia sumaku kuonyesha kila kaboni ya molekuli kama mstari wenye namba yake. Kwenye karatasi ya kaboni kulikuwa na mstari mmoja peke yake kule mbali, 213. Ndiyo ketoni ya 12. Na mwingine 109, kaboni ile inayoshika oksijeni mbili kwenye pete za pembeni. Nilipata miligramu chache, lakini zilikuwa zangu, za mkonge wa Athi River.

Wanza_wa_Kiondo

Habari zenu. Nimesoma uzi wote. Mimi nasuka viondo, niko na kikundi cha akina mama huku Machakos, na nyuzi zetu tunaleta Kariokor. Kaka Mkemia, sisi tunakwangua kila Jumatano. Kwa siku moja maji yanayomwagika ni mapipa. Swali langu ni je, yale ya kukwangua kwa mkono yanafaa, au lazima yawe ya mashine?

Mkemia_Ngara

Dada Wanza, karibu sana. Yanafaa, na nadhani yanafaa zaidi, maana ya korona huongezwa maji mengi ya kuoshea nyuzi. Yenu ni mazito.

Mkikubali, nitawalipa maji na nauli ya matatu. Tutumie madumu ya lita 20. Chujeni kwa kitambaa ili makapi yabaki huko, mnaweza kuyaweka kwenye mboji. Msijaze hadi juu, acheni nafasi ya kiganja, na kifuniko msikikaze, kwa sababu yakianza kuchacha yatatoa gesi na dumu litapasuka ndani ya gari. Andikeni tarehe ubavuni. Na mjipake mafuta mikononi kabla ya kuanza, tena anayechuja avae glavu ndefu.

Wanza_wa_Kiondo

Mafuta tunajipaka siku zote, hilo tunalijua tangu nyanya zetu. Jumatano hii tuna shughuli ya mazishi. Ile nyingine nitakujazia madumu matatu, nimtume kijana wangu.

Mwalimu_Kayole

Nihifadhieni dumu moja la wanafunzi wangu. Tutalitikisa kwanza tuone povu, halafu tuweke asidi.

Mkemia_Ngara

Sawa mwalimu. La kwako nitalichuja mara mbili, na asidi nitakuletea mwenyewe.